Kanisa lisilo na dhehebu, hivi wanaamini nini hasa?

MtotoWaKibosho
Wakuu habari za muda. Mimi ni Mlutheri wa KKKT wa kuzaliwa, nimebatizwa mchanga, kipaimara nimepata, mama yangu yuko kwaya mpaka leo. Sasa niko Texas, ibada ya Kiswahili iko mbali na shifti za wikiendi haziniruhusu, jamaa wa kazini akanialika kanisani kwao nikaenda nikapapenda. Bango la nje halitaji dhehebu, ni jina tu, unaweza kudhani kampuni ya simu. Ndani jukwaa jeusi na taa, bendi inapiga kama nusu saa, kisha mchungaji anapanda na jinzi na raba zake anafundisha Warumi mstari kwa mstari mpaka unasahau njaa. Hakuna liturujia, Kwaresima ilipita kimya kimya. Chakula cha Bwana unajichukulia mlangoni, kikombe kidogo cha plastiki, juu kuna kakipande ka mkate kamefunikwa na karatasi ya kubandua, chini juisi ya zabibu, na ukifika wakati wake ukumbi mzima unasikia tu krrr krrr watu wanabandua.

Sasa wanasema nikitaka uanachama nipite darasa, nisaini karatasi, halafu nibatizwe kwa maji mengi, ule wa utotoni hawautambui. Mama kaniuliza kwenye simu hao ni Walutheri? Hapana. Wapentekoste? Hapana. Wasabato? Hapana. Sasa ni nani? Nikakosa jibu. Wanaojua naomba mnisaidie, na hili la maji mnalionaje.

kibuyu_asali
Mwambie mama ni Wabaptisti waliofuta bango 😂😂

MzeeWaMaktaba
Kibuyu umetania lakini hujakosea sana. Mkuu, kutokuwa na dhehebu maana yake hawana askofu, sinodi wala makao makuu juu yao, haimaanishi hawana mafundisho. Ingia tovuti yao tafuta ukurasa wa "tunachoamini", mara nyingi utakuta mambo yale yale, Mungu mmoja nafsi tatu, Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alikufa kwa ajili ya dhambi akafufuka, mtu anaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, Biblia ndo yenye neno la mwisho, Yesu atarudi. Mama yako anayakiri mengi ya hayo kila Jumapili kwenye Imani ya Mitume, kwahiyo asiogope sana.

Tofauti inaanza kwenye maji na meza. Wao wengi wanabatiza aliyeamini mwenyewe na kukiri, tena kwa kuzamishwa, mtoto mchanga anawekwa wakfu tu, anaombewa mbele ya kanisa basi. Na ule mkate kwao ni ukumbusho, wakati Mlutheri anaamini anapokea mwili na damu ya Bwana kweli kweli, ndo maana wewe ile krrr imekukaa kichwani na wao wala hawaisikii. Kunena kwa lugha, wanawake kuhubiri, siku za mwisho, hapo kila kanisa na lake, usidhani ukijua moja umeyajua yote.

Kihistoria wazo hili la zamani. Kentucky mwaka 1804 Barton Stone na wenzake waliivunja presbiteri (baraza la kuongoza makanisa) yao wenyewe wakasema sasa ni Wakristo tu na Biblia tu, baadaye wakaungana na watu wa Alexander Campbell, mhubiri mwingine mwenye wazo hilo hilo. Cha kuchekesha, wale waliokataa madhehebu wakaja kugawanyika wenyewe, na mwaka 1906 sensa ya dini ya Marekani ikaanza kulihesabu tawi lao moja, Makanisa ya Kristo, peke yake. Hata bongo wapo, wale wa Chimala kule Mbeya wenye hospitali, wanaimba bila ala yoyote. Lakini hili lako la jinzi na bendi linafanana zaidi na wimbi la California, mchungaji Chuck Smith alianza kuchunga kanisa la Calvary Chapel pale Costa Mesa 1965, akawapokea mahipi na magitaa yao na kuwafundisha Biblia kitabu kwa kitabu. Leo ni jeshi, sensa ya dini ya 2020 ilipata makanisa zaidi ya 44,000 yasiyo na dhehebu Marekani nzima, waumini kama milioni 21. Kanisa la Lakewood la Houston linasali kwenye uliokuwa uwanja wa kikapu wa Rockets!

BintiKisauni
Salaam nyote, mie niko Mombasa. Ndugu yangu hayo ya imani umeelezwa vizuri, mie swali langu moja tu, nani anaweza kumfuta kazi mchungaji? Mie nilikuwa kwa kanisa fulani la kujitegemea, mahubiri matamu ajabu, ila mweka hazina alikuwa mkewe na wazee wa kanisa ni shemejize, siku watu walipouliza pesa za kiwanja zimeenda wapi jibu likawa msiguse masihi wa Bwana. Utaenda kushtaki wapi na askofu hakuna? Baada ya Shakahola 2023, wale waumini waliokufa kwa kufunga, huku kwetu hata wasiosali sasa wanauliza haya maswali.

Na huko Marekani msidhani kuna serikali inaangalia, kanisa halilazimiki kupeleka IRS (mamlaka ya kodi) ile ripoti ya fedha ya kila mwaka kama mashirika mengine ya hisani. Mzee wa Maktaba hapo juu kamsifu Chuck Smith ila hakusema kwamba kule Calvary mfumo wao wanauita wa Musa, mchungaji anawajibika kwa Mungu, wazee kazi yao kumsaidia. Kwengine wazee ndio wanaongoza na mchungaji ni mmoja wao, ana kura moja. Omba katiba ya kanisa uisome, wakikuzungusha umepata jibu.

MzeeWaMaktaba
Binti sijamsifu bana nimesimulia tu. Ila hoja yako naikubali.

MwinjilistiMstaafu
Kijana wangu, mimi nimetumika usharikani miaka mingi, nikwambie upande wetu. Wao hawasemi wanakubatiza mara ya pili, wanasema ile ya kwanza haikuwa ubatizo kwa sababu hukuamini wewe, waliamini wazazi. Sisi tunasema anayebatiza ni Mungu, na Mungu hakukosea ulipokuwa mchanga, Waefeso 4:5 ubatizo mmoja. Ugomvi huu una umri, Zürich mwaka 1527 walimzamisha mtoni Felix Manz mpaka akafa kwa sababu ya kubatiza watu wazima, na waliomzamisha walikuwa Waprotestanti wenzake. Kwahiyo usichukulie kwamba wanakudharau, wanaamini kwa dhati. Ila ukiingia kwenye lile tangi ujue unakiri kwamba mama yako hakukupeleka kubatizwa, alikupeleka kuoshwa kichwa. Kama huwezi kulisema hilo usisaini, endelea kusali nao hivyo hivyo.

MtotoWaKibosho
Shikamoo baba, hapo umenigusa. Nimewauliza jana. Bajeti wanaionyesha kwa wanachama mara moja kwa mwaka, mchungaji anaweza kuondolewa na wazee, na katiba wamenitumia kwa imeili bila maneno. Nisipobatizwa nakaribishwa kusali na kushiriki meza, ila siwezi kupiga kura wala kufundisha watoto. Nadhani nitabaki hivyo. Ila wananisisitiza nijiunge na kikundi cha nyumbani cha Jumatano, hicho nacho kina masharti?

kibuyu_asali
Hicho ni jumuiya ya mtaa tu mkuu, mnasoma neno, mnaombeana, mgonjwa anapelekewa chakula. Kanisa la watu elfu mbili mchungaji hakujui jina, ukifiwa ni hao wa Jumatano watakuja na sufuria.

BintiKisauni
Nenda. Ila fungu la kumi wakianza kukudai kwa jina humo kikundini, rudi hapa utuambie.