Kaktasi ndogo yenye miiba ya ndoana: je, lazima iwe Mammillaria?

Mtunza Vyungu
Habari zenu wanajukwaa. Nina kaktasi ya duara isiyozidi ukubwa wa ngumi. Miiba yake ya pembeni ni myeupe na imenyooka, lakini katikati ya kila kishada husimama mwiba mmoja wa kahawia uliopinda ncha kama ndoana. Jana ulinasa mkono wa sweta yangu, nikauinua mmea pamoja na chungu chake. Aliyenipa anasema ni ya jenasi (kundi la kaktasi) iitwayo Mammillaria kwa sababu ya ndoana hizo. Je, zinatosha kuwa ushahidi?

Shina Duara
Hazitoshi, ndugu. Ndoana zipo pia kwenye jenasi nyingine: baadhi ya Sclerocactus za majangwa ya magharibi mwa Marekani, na hata kwenye Ferocactus wislizeni, ambayo huweza kufikia kimo cha mtu. Uache mwiba, uangalie unapoota. Sclerocactus na Ferocactus zina matuta yanayoteremka shinani, ilhali Mammillaria imefunikwa na vinundu vilivyojitenga, mfano wa chuchu, na ndiko jina lake la Kilatini lilikotoka. Ukiona mfereji mwembamba juu ya kinundu, huenda ni Coryphantha, ambayo huchanua kileleni kabisa. Maua ya Mammillaria hutoka kwenye makwapa, yaani mianya iliyo kati, ya vinundu vilivyokomaa kidogo, ndiyo maana huzunguka kilele kama taji.

Mtunza Vyungu
Nimetazama kwa kioo cha kukuzia: mfereji haupo, na mabaki makavu ya maua yamezunguka kilele.

Bibi Miiba
Basi aliyekupa hakukosea, ingawa sababu yake ilikuwa dhaifu. Kama miiba ya pembeni ni laini kama nywele na imeufunika mmea kwa weupe, fikiria Mammillaria bocasana ya San Luis Potosí, Meksiko. Kama ni migumu, fikiria Mammillaria grahamii ya jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Meksiko, ambayo maua yake ya waridi hufunguka siku chache baada ya mvua za majira ya joto, kisha huzaa matunda mekundu.

Kuhusu sweta, usivute tena, kwa maana kila ukivuta ndoana huzidi kuuma na huenda ikang'oa kishada kizima. Sukuma kitambaa kuelekea kwenye shina mpaka ncha itoke ilipoingilia, ndipo uinue uzi mmoja mmoja.

Mtunza Vyungu
Ni migumu, Bibi. Sweta imepona, ila uzi mmoja umebaki kwenye mmea.