Naomba ushauri: pikipiki ya magurudumu manne inasumbua kuwaka asubuhi

Ndugu mafundi na wenye uzoefu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, yenye injini ya silinda moja ya cc 250 na kabureta, ambayo tunaitegemea kubebea viazi na maji shambani huku Njombe. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai inakataa kuwaka hata choki ikiwa imevutwa: stata inaizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, inapiga chafya kwenye kabureta, kisha kimya. Ikishapata moto, inapanda mlima bila kusita.

Plagi ni mpya na cheche yake ni ya bluu. Jeti ndogo ya kabureta imesafishwa hadi mwanga unapenya kwenye tundu lake. Ndipo tukapima mgandamizo (shinikizo ndani ya silinda pistoni inapopanda), ukawa mdogo, na hata baada ya kumimina oili kidogo kupitia tundu la plagi haukupanda. Kwa kuwa oili huziba uvujaji wa ringi za pistoni lakini si wa vali, nashuku vali kuliko ringi, ingawa baadhi ya injini hizi zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, ambacho huweza kupotosha kipimo.

Je, nianze kwa kurekebisha tapeti (mwanya mdogo kati ya vali na kinachoisukuma) injini ikiwa ya baridi, au nifungue silinda hedi (kichwa cha injini chenye vali) moja kwa moja? Na kwa injini isiyo na kitabu chake, nafasi ya tapeti mnaipimaje? Gasketi ya hedi huku haipatikani kirahisi, hivyo nisingependa kuifungua bila sababu ya kutosha.