Mjadala: Je, picha ya Siegen ya mwaka 1642 ni mezotinto?

Mkereketwa wa Chapa: Ndugu zangu, vitabu vingi vya historia ya sanaa ya chapa husema kwamba mezotinto ya kwanza duniani ni picha ya Amelia Elisabeth, aliyetawala Hesse-Kassel, huko Ujerumani, kwa niaba ya mwanawe, iliyotolewa na Ludwig von Siegen mwaka 1642. Mimi sikubali. Mezotinto ni namna ya kuchapa picha kwa bamba la shaba, na ni kazi inayoanzia gizani. Bamba zima la shaba hukwaruzwa kwa chombo chenye meno, kilichopinda ukingoni kama mwezi mchanga, kikibembezwa huku na huku kwa pande zote, hata bamba likipakwa wino na kuchapwa hutoa weusi mtupu. Ndipo fundi huukwangua weusi huo kidogo kidogo mpaka uso wa mtu utokeze. Siegen alikwenda kinyume chake: alitia alama kwa kigurudumu chenye meno pale alipotaka kivuli, na penye mwanga akaliacha bamba lilivyo. Wanaosema mezotinto ilianza naye wanakariri tu walichosoma.

Mzee wa Wino: Kijana wangu, neno hilo la kukariri limenichoma, kwa sababu nimefundisha kwa vitabu hivyo miaka mingi na mabamba nimeyashika kwa mikono hii. Jina lenyewe ni la Kitaliani, na maana yake ni rangi ya kati, yaani kile kilicho baina ya nyeusi na nyeupe. Halitaji chombo wala halisemi mtu aanzie wapi. Kabla ya Siegen, mchonga shaba alitafuta kivuli kwa kupanga mistari. Yeye alikipata bila kutegemea mistari, na katika barua aliyomwandikia mwana wa Amelia, mtawala kijana wa Hesse-Kassel, mwaka huohuo alijivunia kwamba hakuna mchonga shaba awezaye kukisia kazi ile ilivyofanywa. Kama hiyo si rangi ya kati, ni nini?

Binti Mrima: Shikamoo Mzee. Naomba niongeze kwamba Siegen mwenyewe hakulitangaza jina hili. Waingereza walilisoma katika kitabu cha mwandishi wao John Evelyn cha mwaka 1662, na Evelyn alimpa heshima yote mwanamfalme Rupert, ambaye ndiye aliyemwonyesha kazi hiyo. Kwa hiyo jina lilienea miaka 20 baada ya picha tunayoizungumzia. Na kwa kuwa sisi tunaandika kwa Kiswahili, sioni sababu ya kung'ang'ania Kitaliani. Tuseme chapa nyeusi, kama Wafaransa wanavyoiita namna nyeusi, tumalize.

Mwana wa Mpiga Chapa: Hatumalizi hata kidogo! Baba yangu alikuwa mpiga chapa, na katika karakana yake chapa nyeusi ilikuwa ni karatasi yoyote iliyochapwa kwa wino mmoja. Ukimpelekea msomaji wetu jina hilo, ataelewa hivyo na si vinginevyo. Waholanzi nao huiita sanaa nyeusi, nasi tukitafsiri neno kwa neno msomaji atadhani tunamweleza uchawi. Wajerumani ndio walioona mbali, kwa maana jina lao hutaja kazi ya mkono: sanaa ya kukwangua. Mimi napendekeza chapa ya kukwangua.

Binti Mrima: Kaka, sikutaka kudharau kazi ya baba yako, na kama nimeonekana hivyo naomba radhi. Lakini weusi ndio moyo wa jambo hili. Niliwahi kuitazama kwa kioo cha kukuzia chapa ya Kiingereza ya karne ya 18, ya mtu aliyevaa koti, nikaona kwamba mle gizani hamna mstari hata mmoja. Wino umelala kama mahameli, kwa sababu kila jino la chombo hutoboa shaba na kuinua kijinundu pembeni mwa tundu, na wino hushikwa na vyote viwili. Ukingoni mwa picha, fundi alipopitiliza, alama za meno zilibaki zimejipanga kama punje za mchanga. Vijinundu hivyo vikilala kwa kukandamizwa na mashine, weusi hupauka na picha hufa. Sasa nawezaje kuipa jina la kukwangua, ambako ndiko kuuondoa weusi?

Mkereketwa wa Chapa: Mzee, nakuomba msamaha kwa neno la kukariri. Hata hivyo namuunga mkono Mwana wa Mpiga Chapa, kwa sababu jina lake linatupa jibu la swali langu. Tukisema chapa ya kukwangua, picha ya mwaka 1642 inatoka, nasi tunaweza kuiita chapa ya vitone.

Mzee wa Wino: Msamaha nimeupokea, lakini hilo la vitone silipokei. Chapa ya vitone, ambayo picha yake huundwa kwa nukta ndogo ndogo, ni kazi nyingine kabisa, iliyopendwa sana Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, na Francesco Bartolozzi ndiye aliyepata sifa kubwa kwayo. Ukimwita Siegen hivyo, mwanafunzi atamtafuta miongoni mwa watu waliomfuata kwa zaidi ya miaka 100.

Mwana wa Mpiga Chapa: Mzee, basi tuseme chapa ya kigurudumu.

Mzee wa Wino: Na wale wa vitone, ambao nao walitumia vigurudumu vyenye meno, utawaweka wapi? Mimi kwenye kadi zangu naandika mezotinto, kisha mstari wa pili naandika: alianzia kwenye mwanga, hakuanzia gizani.

Mkereketwa wa Chapa: Huo mstari wa pili ndio niliokuwa nikiudai tangu mwanzo, Mzee. Ule wa kwanza, wenye jina la mezotinto, bado naukataa.