Nimechonga mlingoti mpya wa mashua, nipake vanishi au mafuta? Msaada wa haraka wakuu

Mtweka_Tanga (mleta uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Mlingoti wa mashua ulikatika nikachonga mwingine, mti mzuri tu, mita 7, unene sentimita 12 kwa chini. Umetoka safi. Sasa huyu ananiambia vanishi, huyu mafuta ya kitani, na Jumamosi unatakiwa uwe umeshasimama. Usingizi sipati. Naombeni ushauri.

Bibi_Randa
Rangi baadaye. Ule wa zamani ulikatikia wapi na kwa nini?

Tezi_na_Omo
Vijana wa siku hizi haraka nyingi. Mjomba wangu alikuwa na mlingoti aliokuwa anaupaka rangi kila msimu, unang'aa ukiuona kwa mbali, siku moja nikauchoma kwa bisibisi pale unapopita kwenye sitaha, bisibisi ikaingia mpaka mpini!! Maji ya mvua yalikuwa yanakaa pale miaka yote. Watu wanaogopa chumvi, kumbe kinachoozesha ni maji baridi, yale yasiyo na chumvi. Mjomba akaninunia mimi, eti nimemharibia mlingoti.

Mtweka_Tanga
Ulikatikia hapo hapo kwenye sitaha, mti ulikuwa umeoza. Ila yaliyopita si ndwele, mimi nauliza vanishi au mafuta.

Bibi_Randa
Mti wa huu mpya umekatwa lini?

Kasia_Moja
Nimevuta kiti 😂

Mtweka_Tanga
Kama wiki tatu hivi. Lakini ulikaa juani.

Bibi_Randa
Wiki tatu ni mti mbichi huo mwanangu. Mbao hukauka kwa kukadiria mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na jua ndo linazidi kuuharibu, nje unakauka upesi ndani bado, unapasuka. Ufa wa kufuata urefu sio lazima uwe balaa, wengi wanasafiri nao. Ukiona ufa wa kukata nyuzi kwa upande ndo ukimbie. Ukipaka vanishi sasa hivi unafungia maji ndani. Halafu nauliza tena, ni gogo moja zima?

Mtweka_Tanga
Sasa mama naona tunatoka nje ya mada.

Fundi_Pande8
Jibu swali mkuu, gogo moja au umeunga?

Mtweka_Tanga
Ok. Gogo lilikuwa fupi nikaunga. Nilikata mshazari wa sentimita 40, nikatia gundi nyeupe ya mbao na bolti mbili. Kiungo kiko chini karibu na sitaha na nitakizungushia kamba hakitaonekana kabisa. Na niliambiwa gundi ikishika inakuwa na nguvu kuliko mti wenyewe, sasa tatizo nini?

Fundi_Pande8
Tatizo ni kwamba mshazari unatakiwa angalau mara 8 ya unene, wengine tunaenda mpaka 12. Kwa sentimita 12 ni karibu mita moja kwenda juu, wewe una 40. Bolti ndo umetoboa tena pale pale penye kazi. Gundi nyeupe maji yanailegeza, tumia epoksi, na mti uwe mkavu maana kwenye mbichi hata hiyo haishiki. Mlingoti una kamba za kuushikilia pembeni?

Mtweka_Tanga
Hauna, unasimama wenyewe.

Fundi_Pande8
Basi unapinda zaidi hapo hapo kwenye sitaha. Yaani umeweka kiungo mahali pabaya kuliko pote.

Kasia_Moja
Jamani hii ni CHAI. Mti mbichi wa mita 7 kwa unene huo unapita kilo 60, huyu kauangusha, kauchonga na kauunga peke yake ndani ya wiki tatu? Na unaunga vipi wakati unasema gogo ni mita 7? Mods fungeni uzi.

Mtweka_Tanga
Sio chai. Mita 7 ni baada ya kuunga. Na sikuwa peke yangu, nilisaidiwa na shemeji mdogo. Mashua ni ya kaka yake, aliniazima, na hajui kama mlingoti ulikatika. Anarudi Jumamosi. Mmefurahi sasa?

Tezi_na_Omo
Heee! Kumbe tulikuwa tunapaka vanishi kwenye kesi ya familia.

Bibi_Randa
Usiusimamishe. Chukua vipande viwili vya mti ule ule, viunge kwa gundi ile ile, viache vikauke mpaka kesho kisha vilaze ndani ya ndoo ya maji. Vivute kwa mkono uje utuambie.

Mtweka_Tanga
Najua vitashika, ila sawa.

Kasia_Moja
Mimi bado nasema chai, lakini ya moto 😂

Mtweka_Tanga
Vimeachia. Hata sikuvuta sana, vimeteleza tu gundi ikiwa nyeupe kama maziwa. Nampigia shemeji mkubwa tangu asubuhi, hapokei.

Nahodha_Mstaafu
Ndo naingia, sijasoma komenti zote. Vanishi ndugu yangu, mikono mitano, wa kwanza uwe mwepesi na upige msasa kila ukikauka. Jumamosi utakuwa tayari.