Ulimi wa kiti unalegea kiangazi: kosa ni la mkato ama la mbao?

fundi_katuba
Jambo bafundi. Ninaunda viti vya meza ya kulia: miguu ya mbao ya mulombwa 36 mm kwa 36, vipande vya kulala vya mkaratusi. Tundu nachimba katikati ya mguu kwa patasi ya 12, kina 28, na ulimi (ncha ya kipande inayoingia tunduni) wa 12. Kole (gundi) ni ile nyeupe ya mbao. Vya mwezi wa pili viliingia kwa kubana kabisa, mpaka nyundo. Sasa mwezi wa saba vinayumba, na begani, pale kipande kinapogusa uso wa mguu, pameachia, unapitisha karata. Nibadilishe kole?

mbao_kavu
Kole haina kosa. Mwezi wa pili Lubumbashi ni mvua, mwezi wa saba hewa imekauka. Mbao hunywea kwa upana na unene. Kwa urefu ni kidogo mno. Mkaratusi ukipoteza asilimia 4 tu ya unene, ulimi wa 12 unabaki 11.5, na kole nyeupe haijazi nusu milimita. Inashika pale mbao inapogusa mbao, basi. Mulombwa ukiisha kukauka hauchezi sana, kwa hiyo namshuku mkaratusi kwanza.

Pasua vipande mapema, vipange kivulini na vijiti vya 20 mm katikati hewa ipite. Kimoja kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki 2 au 3 mfululizo, hapo kata ndimi. Vya kulala viwe vikavu kuliko miguu, kamwe si kinyume: mguu ukiendelea kukauka unaubana ulimi.

patasi12
Hiyo “mpaka nyundo” hainipendezi. Ulimi wa kulazimisha unakwangua kole yote na kuisukuma chini ya tundu, na mguu unaweza kupasuka. Tundu kwanza, maana upana wa patasi haubadiliki. Ulimi ndio unaofuata. Chora kwa kisu, si kreyo (kalamu ya risasi), ukipimia daima uso ule ule uliotia alama. Msumeno upite upande wa taka, mstari ubaki. Kisha punguza kwa patasi pana, kidogo kidogo. Usukume kwa mkono hadi nusu, umalizie kwa kugonga taratibu na nyundo ya mti. Ukiinua mguu, kipande kisidondoke.

Halafu angalia hesabu yako: tundu mbili za pande jirani, kina 28 ndani ya mguu wa 36, zinakutana. Ndimi zinagongana ncha kabla bega halijafunga, na mguu ukinywea ndiyo mnaona pengo. Chimba 25, kata ncha za ndimi nyuzi 45, upande mrefu ufike 23.

yaya_kampemba
Na vile vilivyokwisha kulegea? Miye ningepiga msumari mmoja kila kiungo, mteja achukue kiti chake.

patasi12
Hapana, yaya. Mulombwa mkavu unaweza kupasuka kwa msumari, na usipopasuka, kiti kitaendelea kuyumba mpaka shimo la msumari lipanuke.

Vua kiungo. Kwangua kole ya zamani hadi mbao tupu, maana mpya haishiki juu ya ile. Siki ya moto huilainisha, ila acha pakauke vizuri. Toa kwa randa maranda mazito ya 0.25 mm hivi, bandika moja kila ubavu wa ulimi, nyuzi zikifuata urefu wake. Pande zote mbili, la sivyo kipande kinahama katikati. Kesho yake punguza hadi uingie kwa mkono. Ncha zikigongana ndani, zikate kabla ya kutia kole.

Kwa ndani ya pembe, chini ya kikalio, ongeza kipande cha pembetatu chenye kole na skurubu 2 kila upande. Toboa kwanza. Vumbi la mulombwa linawasha pua, funga kitambaa.

fundi_katuba
Aksanti. Kiti cha kwanza nimekifungua: ncha zilikuwa zinagongana kweli, zimepondeka.