Tupeane uzoefu: ulimfungashia nini mtoto alipokwenda hosteli ya chuo?

Mama Nyegezi
Habari za jioni wadau. Nina binti kamaliza form six mwaka huu, karudi toka JKT kakakamaa kweli kweli, majina ya vyuo yametoka kapata UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na hosteli kapata, sasa humu ndani ni kufungasha tu asubuhi mpaka jioni. Huyu ni wa pili. Kaka ake alisomea Morogoro na alikataa kabisa kusaidiwa, usiku kalala nikafungua begi nikakuta jinzi, raba pea tatu, spika ya bluetooth na pafyumu. Shuka hamna. Taulo hamna. Nikafunga zipu nikanyamaza, nikamwambia baba ake muongezee hela kidogo atajua mwenyewe akifika. Na kweli alijua, hata wiki haijaisha kapiga simu anauliza mama hivi shuka jeupe likiingia rangi ya jinzi inatokaje.

Huyu wa kike ni kinyume, yeye anahamisha nyumba. Kaandika listi nyuma ya kalenda ya mwaka jana imejaa mpaka pembeni, kuna mwiko, kuna kinu kidogo cha vitunguu swaumu, kuna mbuzi ya nazi. Mbuzi ya nazi Dodoma jamani! Baba ake anasema Dodoma kila kitu kinauzwa mpe hela apande basi, mimi moyo unagoma. Mliopeleka watoto tupeane uzoefu, kipi kilisaidia, kipi kilirudi nyumbani hakijaguswa, na mizigo mlisafirishaje. Wanachuo nanyi semeni msiogope.

Kipara Original
Mbuzi ya nazi mwache abebe shosti, atakuwa anaikalia kusomea 😂😂

Baba Watatu
Dada mimi nimepeleka wawili mpaka sasa, na nimegundua sisi wazazi tunahangaika na ndoo na godoro wakati kinachomtesa mtoto siku ya kuripoti ni makaratasi. Barua ya udahili, result slip za form four na six, cheti cha kuzaliwa, paspoti saizi za kutosha, risiti za control number zote alizolipia, na ile fomu ya afya ambayo lazima daktari aijaze na kugonga muhuri, hii usisubiri wiki ya mwisho maana hospitali ya serikali wiki hiyo imejaa vijana wote wa mkoa wanataka muhuri huohuo. Bima nayo muulizie mapema, mwaka niliompeleka mdogo ilikuwa 50,400 ya NHIF kwa wasio na kadi. Kila karatasi toa kopi tatu nne, halafu piga picha vizuri kwa simu ajitumie kwenye imeili yake.

Na vyeti vikae kwenye begi analolibeba mwenyewe, sio kwenye buti la basi. Foleni ya usajili tulisimama nyuma ya mzee mmoja na kijana wake wametoka mbali sana, godoro lao limefungwa kamba ya katani kwelikweli, mafundo kama ya kumfunga ng'ombe. Tumefika dirishani dada anaomba result slip orijino, mzee kamwangalia mwanae, mwanae kaangalia godoro. Vyeti vilikuwa katikati ya godoro, walivikunjia humo visiibiwe njiani. Mzee wa watu akapiga goti pale pale korido anafungua fundo moja moja kwa meno, mara godoro likafumuka likalala chini watu wote wanaruka, na bahasha ya kaki ikaonekana imelala salama kabisa. Walisajiliwa. Ila jua lilishazama.

Matroni Mstaafu
Nimefanya kazi hosteli za wasichana miaka mingi, chuo sitakitaja. Mama Nyegezi nisikilize mimi. Chumba kinakaa watu wanne, sehemu nyingine sita, kabati la kila mtu ni jembamba, chini ya kitanda inaingia tranka moja na ndoo mbili basi. Kila Novemba nilikuwa naona wazazi wanashusha mizigo kwenye Noah mpaka dereva anachoka, na kila Julai naona hivyo hivyo vitu vimeachwa koridoni, masufuria mazima, mabeseni, mito, watoto wanaona uvivu kurudi navyo.

Vitakavyotumika kila siku ni hivi: ndoo mbili zenye mifuniko (moja ya kuogea, moja ya kuhifadhi maji, maana maji yanaweza kukatika saa yoyote chuo chochote), kijagi, beseni moja, ndala za kuogea zisizofanana na za mtu mwingine, neti, shuka pea mbili, kanga za kutosha, pedi za miezi miwili mitatu maana karibu na vyuo bei inapanda. Kufuli mbili nzuri, moja ya kabati moja ya tranka, na funguo za akiba asiziweke ndani ya kabati hilohilo. Ndio, wapo wanaofanya hivyo, nimevunja makufuli mengi tu mimi.

Jiko la koili, hita ya kuchemshia maji na rice cooker sehemu nyingi marufuku. Najua wanapika. Sisi tulikuwa tunajua wanapika, harufu ya vitunguu haijifichi. Ila siku ya msako vinachukuliwa na wewe mzazi ndo umepoteza hela. Na nguo za ndani aanike chumbani, suruali za jinzi akianika nje akae nazo na kitabu mpaka zikauke. Wezi wa kambani wana jicho la kujua jinzi mpya.

fesiyia_wa_zamani
Shkamooni wazazi. Mi niko mwaka wa tatu Dodoma hapa hapa. Mama, kwanza godoro asitoke nalo huko kwenu Nyegezi, Mwanza, konda atakuchaji kivyake na likifika limejaa vumbi. Mabasi yanashusha stendi kuu ya Nanenane, soko la Ndugai liko hapo hapo jirani, mjini kuna Sabasaba na Majengo, ndoo beseni godoro vyote vipo. Baba yuko sahihi kwenye hilo, msimwambie nimesema.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni hali ya hewa. Watu wanasema Dodoma joto, sawa, Oktoba Novemba joto kweli, ila ni kavu, upepo na vumbi lile jekundu, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, mtoto wa ziwani ndo atashangaa zaidi. Mafuta ya mgando kopo kubwa. Maji nayo yana chumvi, sabuni ya kipande unasugua mpaka unakonda povu halitoki, ya unga inajitahidi. Na ikifika Juni Julai usiku kuna baridi watu hawaamini, blanketi muhimu.

Vingine: ekstensheni yenye waya mrefu (soketi moja chumba kizima, utapata marafiki siku ya kwanza), pawabenki, viatu vya kutembelea vya kueleweka maana UDOM ni kubwa, college na college ni safari.

Sasa hela. Kama kapata mkopo, bumu (hela ya kujikimu) ni elfu 10 kwa siku toka mwaka wa masomo 2022/23, kabla ilikuwa 8,500. Haiji kila siku sasa, inakuja kwa mkupuo ya siku kama 60, mtu hajawahi kushika laki mbili anasaini anajikuta na laki sita. Wiki za kwanza ni chipsi kuku na simu mpya, wiki za mwisho watu wanapiga pasi ndefu, unakunywa chai saa nne unakutana na ugali saa mbili usiku. Na ya kwanza inaweza isiingie siku anayofika, kwahiyo msimwache bila hela ya kula ya mwezi mzima mkidhani anaenda kusaini bumu kesho. Mi mama angu alinipa hela ya mwezi akaificha nusu kwa shangazi angu wa Area C, nikaishiwa nikaenda kumlilia shangazi, kumbe hela ni yangu mwenyewe. Aliniambia mwaka wa pili.

Nshomile wa Kamachumu
Wa kwangu alienda na senene kopo la lita tano. Chumbani alikuta mabinti wawili wa pwani, usiku wa kwanza walipiga kelele wakataka kuhama chumba. Disemba ananiambia mama ongeza makopo mawili, wenzangu wameagiza na hela wametoa.

Bi Mkunazini
Mie wangu wa kiume, katoka Unguja hapa kapata Dodoma hukohuko, mwaka ule ule 2024 treni ya SGR ilipofika Dodoma. Tukapanda boti ya asubuhi mpaka Dar, tukalala kwa dada yangu, kesho yake tukapanda treni, kwa hivyo mizigo ikabidi iwe ya kubebeka na mtu na mamake. Nimemtilia vikoi vitatu, mswala, kanzu mbili, tende, na achari ya ndimu chupa mbili nimezifunga nailoni juu ya nailoni. Udi alitaka nikamwambia mkaa wa kufukizia utauwasha wapi mwanangu, chukua mafuta ya oudi ya kupaka inatosha.

Kilichomsaidia kuliko vyote ni kuwa tulimfundisha kupika nyumbani mwezi mzima kabla ya kuondoka, na kufua, na kupiga pasi kanzu. Mamangu mzazi alikasirika eti mtoto wa kiume anasugua sufuria. Sasa hivi ndie anaewapikia wali wa nazi wenziwe waliopanga nje. Kwa hivyo hiyo mbuzi msiicheke, wa kwangu alinipigia simu nimtumie 😄

Baba Kamau Naks
Niko Nakuru huku Kenya, nimeona nichangie. Kijana wangu KUCCPS, wale wa kupangia watoto vyuo, ilimpeleka Eldoret. Watu waliniambia Eldoret ni baridi nikasema hata Nakuru ni baridi, tutawezana. Aki ile mvua na ule upepo wa jioni ni kitu ingine. Kama mtoto anaenda huko ama Njoro mnunulie duvet nzito, kofia ya marvin, sweta za kuvaa ndani na gamboti, hizo viatu za kurembesha aziache. Hosteli za ndani zilijaa haraka kwa mtandao kabla hajabook, ikabidi bedsitter ya nje, na hapo shopping inabadilika yote, unaanza kuongea mambo ya meko ya kilo 6, pazia, na deposit ya landlord. Kabla hujalipa deposit nenda uone maji inakuja siku gani na stima ni ya tokeni ama mnashare. Na uongee na caretaker mbele ya mtoto, ajue kuna mzazi anajulikana.

Dada wa Minnesota
Salamu kutoka kwenye theluji. Wangu aliingia dorm Agosti mwaka jana, chuo cha hapahapa jimboni. Huku wanakupa siku na saa ya kufika, umepewa saa nne ukija saa saba unajua mwenyewe pa kuegesha gari. Kitanda na godoro wanakupa ila mashuka ya kawaida hayatoshi, vile vitanda vingi ni twin XL, urefu inchi 80, shuka la twin ya kawaida linaishia inchi 75 linachomoka usiku kucha. Bafu ni la korido nzima kwahiyo anahitaji kikapu kidogo cha kubebea sabuni na mswaki na kandambili. Mishumaa marufuku, kupigilia misumari ukutani marufuku, na rice cooker dorm nyingi hawataki kuisikia, hapo ndo binti alinuna.

Lakini lililonishangaza sio vitu. Mtoto akishaingia chuo, kuna sheria ya huku Marekani inaitwa FERPA, ya tangu 1974, rekodi zake za shule ni zake. Unalipa ada wewe, ukipiga simu ofisini kuuliza maksi wanakuambia kwa upole hatuwezi kukuambia chochote mpaka yeye mwenyewe asaini kibali. Na hospitalini ni hivyohivyo akifika miaka 18. Mume wangu alikaa kimya dakika nzima, mtu wa Tanga yule, akasema yani mtoto wangu nimuombe ruhusa kujua kafeli. Tulikaa naye mezani kabla hajaondoka akasaini ya chuo na ya hospitali, bila ugomvi, kwa masharti yake kwamba tusipige simu chuoni kila wiki. Kwenye mzigo weka na chanjo, vyuo vingi wanadai karatasi ya ile ya meninjaitis.

Kipara Original
Huku baba anajua umepata sapu (mtihani wa kurudia) kabla wewe hujajua, mjumbe kashamwambia.

Mama Nyegezi
Asanteni sana jamani nimecheka mpaka machozi. Nimekaa nae leo tumefyeka listi, kinu kimetoka, masufuria limebaki moja, mbuzi bado tunagombana, na wewe Bi Mkunazini umeniharibia kesi. Vyeti vinakaa kwenye begi la mgongoni. Hela ya akiba nimempata mama mdogo yuko Kisasa, nyie msije kumwambia. Swali la mwisho kwa fesiyia: godoro tununue la ngapi kwa ngapi, maana nyumbani analalia nne kwa sita?

fesiyia_wa_zamani
Nne kwa sita haliingii mama, utagawana na mlango. Kuna vitanda vya mbili na nusu na vingine tatu, mi nilikopangiwa vilikuwa mbili na nusu kwa sita, dada angu chuo kingine alikuta tatu. Asinunue siku ya kufika kabla hajaona chumba, alale hata juu ya kanga siku moja au kwa huyo mama mdogo, asubuhi apime kwa rula akanunue. Na bajaji wapatane bei kabla godoro halijapakiwa, likishapakiwa tu bei inabadilika.