Jiko la Kaka

Kaka: Shikamooni wakubwa. Jiko la nyumba mpya bado tupu. Nataka ninunue vitu vilivyorejelezwa, yaani vilivyotengenezwa upya kutokana na taka. Nianze na nini?

Mama: Marahaba mwanangu. Anza na ulivyoviacha huku kabatini. Sufuria zako mbili bado nzima, njoo uchukue.

Mimi: Mama kasema la kwanza kabisa. Chombo kilichopo hakihitaji tanuri wala kiwanda. Nunua vitakavyopungua tu.

Kaka: Sawa Mama, Jumamosi nakuja. Na vya kununua?

Mimi: Vya alumini chukua bila wasiwasi. Kuyeyusha alumini chakavu kunatumia karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa upya kwenye mawe ya boksiti. Humo imeshikana na oksijeni, na kuzitenganisha kunakula umeme mwingi mno. Kwenye chakavu kazi hiyo ilishafanyika, imebaki kuyeyusha kwa nyuzi 660.

Shangazi: Subiri mwanangu. Hata sufuria za kusubu? Chakavu zikichanganywa ovyo, za injini na nini, madini ya risasi yenye sumu yanaweza kuingia humo. Ukipika kitu chenye uchachu yanaingia kwenye chakula. Yanaharibu ubongo wa watoto!

Mimi: Kweli kabisa Shangazi, asante, ningempotosha. Kaka, alumini iliyorejelezwa iwe ile foili ya kufunikia. Sufuria ukiongeza, chukua ya chuma cha pua. Nacho sehemu kubwa hutengenezwa kwa chuma chakavu, ila viwandani wanakipima.

Mjomba: Na mitungi ya kioo?

Mimi: Hiyo ndiyo naipenda zaidi, Mjomba. Kioo kinayeyushwa mara nyingi bila kupungua ubora, na vipande vyake vinayeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga na magadi, kwa hiyo tanuri linachoma mafuta kidogo. Ila bakuli za oveni zikivunjika msizitie pamoja na chupa. Kioo chake ni cha aina nyingine, hakiyeyuki sawasawa na cha chupa.

Kaka: Nimeona miiko myeusi ya plastiki, imeandikwa imerejelezwa.

Mimi: Hiyo iache. Baadhi ya plastiki nyeusi hutoka kwenye maganda ya televisheni na kompyuta, yaliyotiwa kemikali za kuzuia moto. Sitaki ikorogee chakula cha moto. Mwiko wa mbao unatosha. Plastiki iliyorejelezwa iweke kwenye pipa la taka na kichanja cha kukaushia vyombo.

Dada: Na karatasi za kufutia?

Mimi: Zilizorejelezwa ni nafuu kwa miti, lakini zikishapata mafuta safari yao imeisha. Kitambaa cha fulana kuukuu kinafuliwa, kinarudi kazini.

Kaka: Hapa dukani kuna pipa lina pembetatu ya mishale mitatu, katikati 65%. La pembeni lina mishale mitupu.

Mimi: Chukua la 65%. Hiyo ndiyo sehemu ya malighafi iliyorejelezwa. Mishale mitupu mara nyingi inamaanisha linaweza kurejelezwa likichakaa, si kwamba limetokana na taka. Wengi wanaponzwa hapo.

Kaka: Nimelichukua.

Mama: Jumamosi uje na kapu, na mitungi yako ya kioo nimekuoshea.